Masika ya Kilima cha Tangi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na mimi nimepangiwa elimu kwa umma. Kwenye kikao cha asubuhi Mkurugenzi aliuliza nani yuko tayari kuzunguka mitaani kuwafundisha watu juu ya matetemeko na tsunami. Watafiti wote tukainamia meza kama watoto wanaoogopa kuulizwa swali la hesabu. Akanitazama mimi. "Wewe una mdomo mzuri," akasema, na wenzangu wakapiga makofi kwa furaha ya kunusurika.

Kwa hiyo grafu zangu naziacha mpaka katikati ya Mei. Nitazunguka mitaa yote ya chini kusema jambo moja: ardhi ikitikisika kwa nguvu, au ikitikisika kwa muda mrefu, usingoje king'ora, usingoje simu, panda juu. Linasemeka kwa pumzi moja. Nimepewa pia kizibao cha njano chenye jina la ofisi mgongoni, kinachonitosha mimi na mtu mwingine.

Jumatano, 5 Machi

Shule ya msingi. Projekta iligoma. Nikachora ubaoni jinsi ganda la dunia lilivyovunjika vipande vipande, na mtoto wa dawati la mbele akauliza ni nani aliyelivunja.

Jumanne, 11 Machi

Sokoni, mvua kubwa. Sijawahi kupata hadhira kama ile, watu wamebanana chini ya turubai langu mpaka wengine wamesimama juu ya nyaya za spika. Nikamwaga maneno yangu yote. Mvua ilipokatika waliondoka wote, nikabaki na mwenye kukodisha viti, naye alibaki kwa sababu ya viti.

Ijumaa, 14 Machi

Leo ilikuwa zamu ya mtaa wa Baba. Ndio mtaa niliokulia, nyumba zake zimejipanga nyuma ya ukuta wa bahari, na nyumba ya Baba ni ya kwanza. Anaishi peke yake tangu Mama alipofariki. Magoti yamemchoka. Kutoka mlangoni kwake hadi Kilima cha Tangi, palipo tangi la maji la mji, mimi natembea bila kuhema. Yeye anapumzika njiani kama treni ya abiria, kila kituo.

Mwenzangu mmoja ofisini anatengeneza mawimbi kwenye kompyuta. Tunamwita Subiri, maana ukimuuliza chochote anakujibu "subiri". Nilimwomba anipigie hesabu ya nyumba ya Baba. Safari hii hakusema subiri. Alisema tetemeko likitokea karibu, mzee akianza kupanda papo hapo, bila kutafuta kofia wala kufunga mlango, atawahi. Akichelewa kidogo tu, hatawahi. Ndiyo hesabu ninayotembea nayo kila ninapokwenda.

Baba mwenyewe alikaa kiti cha mbele, fimbo katikati ya miguu, akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono. Alikuwa dereva wa kreni bandarini, na hajawahi kupoteza nafasi ya kulisema hilo.

"Mimi nimekaa juu maisha yangu yote," akasema. "Kustaafu kwangu ni kukaa chini. Sasa mwanangu ananirudisha kazini."

Watu wakavunjika mbavu. Jirani yake, mwanamke mshonaji ambaye mtaa mzima unamwita Fundi, naye akadakia, "Bi Tetemeko, na cherehani yangu naibeba?"

"Unaiacha, Fundi."

"Basi na mimi niache hapo hapo."

Nikacheka nao. Nikiwa kwenye gari kicheko kilinitoka chote, nikakaa tu bila kuwasha injini.

Jumatano, 19 Machi

Nimemwomba Baba ahamie kwangu mpaka masika yaishe. Amesema kwangu hakuna sauti ya bahari, atashindwa kulala. Nikamwambia sauti yenyewe ndiyo inayoninyima mimi usingizi. Akasema, "Basi hamia wewe huku, ulale vizuri karibu na adui yako." Kuongea na mzee huyu ni kuongea na ukuta unaocheka.

Jumanne, 25 Machi

Nilimpeleka Baba kuijaribu njia ya kilimani. Mvua imeifanya njia yote kuwa utelezi, ngazi za saruji zimeliwa na maji pembeni, na ule mfereji wa pembeni umeamua kupita katikati. Nilimshika kwapa, akanipiga kofi mkononi.

"Unanishika kama gunia."

"Nakushika usianguke, Baba."

"Yaani nivunjike kiuno leo kwa ajili ya maji ambayo huenda yasije kabisa? Hebu niambie kitaalamu, hiyo ni akili?"

Tulifika nusu. Akakaa juu ya jiwe, akaangalia chini paa la nyumba yake kwa muda mrefu. Nikadhani sasa ameelewa. Kumbe alikuwa anatazama bati lililolegea. Akaniambia nimtafutie mtu wa kulipigilia.

Alhamisi, 27 Machi

Shule mbili, kanisa, msikiti, kituo cha afya. Sauti imekauka.

Jumatano, 2 Aprili

Mkurugenzi anataka idadi ya "waliofikiwa". Nikauliza, waliofikiwa na nini? Subiri akajibu kutoka kwenye kona yake, "Na sauti." Nikaandika idadi. Kila ninayemfundisha anatikisa kichwa, ananishukuru, ananiuliza kama ofisi yetu inaajiri. Zamani nilidhani watu hawajui. Sasa naanza kuwaona kama watu waliochoka, kila mtu ana hofu zake za kutosha, nami naingia na nyingine mkononi kama mchuuzi.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Sikwenda popote.

Alhamisi, 10 Aprili

Jana ardhi ilitikisika, na mimi nimefanya jambo ambalo sijui nitalifuta vipi.

Ilikuwa alasiri. Nilirudi mtaa wa Baba kwa somo la pili, tukiwa kwenye ukumbi wa mtaa, watu wachache, mvua imepumzika. Baba hakuja, alisema somo la kwanza bado linamtosha. Nilikuwa naeleza habari ya king'ora. Mabenchi yakaanza kugonga sakafu. Kwanza nilidhani ni lori. Kisha ukuta ukalia, feni ikayumba, na ikaendelea, ikaendelea. Nikasema kwa kipaza sauti, na sauti yangu ilitoka shwari kabisa mpaka nikajishangaa, "Hili ndilo nililokuwa nawaambia. Likitulia tunatoka, tunapanda."

Likatulia. Wakatoka. Hawakubishana, hawakurudi nyuma kuchukua miavuli. Fundi alitoka na utepe wa kupimia shingoni, akageuza uso kuelekea kilimani. Niliona kwa macho yangu. Masika yote haya nimehubiri nikiwa nimekata tamaa, kumbe walikuwa wananisikia.

Hapo simu ikalia. Mkurugenzi. Umeme umekatika gatini, kile kifaa cha kupimia kina cha bahari hakileti kitu, skrini zote kimya. "Wewe ndiye uliye karibu. Kimbia ukasome ubao."

Ubao ni ule wenye namba, umepigiliwa kwenye nguzo ya gati. Kifaa kikifa, mmoja wetu anakwenda kuusoma kwa macho. Ndivyo tulivyofundishwa na waliotutangulia, ndivyo tunavyofanya siku zote, na hata chuoni tulicheka kwamba mtaalamu wa tsunami ndiye mtu pekee anayeikimbilia. Sikuwaza lolote. Nikashuka mtaa mbio, kizibao cha njano kikipepea, nikafika gatini, nikainama kusoma namba.

Nikasikia miguu nyuma yangu.

Nusu ya ukumbi ilikuwa pale. Waliokuwa wameelekea kilimani waligeuka waliponiona nashuka. Fundi yuko mbele, anahema, utepe bado shingoni. Na kwenye ukuta wa bahari, amekaa na fimbo yake kama mtu anayesubiri kivuko, Baba.

"Vipi," akaniita, "yamepungua?"

Nikapiga kelele. Sijui nilisema nini, nakumbuka tu koo lilivyouma. Pandeni, pandeni! Wakanitazama. Mimi mwenyewe nimesimama ukingoni mwa gati, maji yako chini ya viatu vyangu, nawaambia wapande. Hakuna aliyesogea mpaka niliposhuka pale nikamshika Baba mkono na kuanza kumvuta.

Wimbi halikuja. Bahari ilipanda na kushuka kidogo mara kadhaa, kama maji ya beseni mtu akiligonga kwa mguu, ikatulia. Hakuna aliyeumia. Mkurugenzi akasema kazi nzuri.

Baadaye nilimkalisha Baba jikoni kwake, nikamuuliza kwa nini.

"Nilikuwa mlangoni," akasema. "Sikutafuta hata kofia, kama ulivyosema. Nikawaona wenzangu wanapanda, nikasema haya, twende. Mara nakuona wewe unashuka mbio. Nikajiambia, mwenye elimu yake anakwenda kule, mimi nipande niende kwa nani?"

Nikalia mbele yake kama nilivyokuwa nikilia nikiwa mdogo. Alinisogezea kikombe cha chai.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimelala mchana kutwa na sijapumzika.

Jumatatu, 14 Aprili

Nilimwambia Mkurugenzi kwamba mtu asitumwe tena gatini baada ya tetemeko. Si mimi, si mwingine yeyote. Alinisikiliza. Si mtu mbaya, nisimsingizie, macho yake nayo yamechoka kuliko yangu.

"Bila ile namba hatuwezi kuwaambia watu kwamba imepita," akasema. "Watakaa kilimani na watoto kwenye mvua mpaka lini? Safari ya pili hawatapanda. Daktari hakimbii wagonjwa."

"Lakini wagonjwa hawamfuati daktari mpaka chumba cha upasuaji," Subiri akasema.

"Mwongozo unabaki kama ulivyo," Mkurugenzi akasema. Kisha, kwa upole, akaniuliza kama ningependa mtu mwingine aimalizie kazi ya mitaani, maana naonekana nimechoka. Nimechoka kweli. Nikasema nitaimaliza mwenyewe.

Alhamisi, 17 Aprili

Nyumba kwa nyumba, mtaa wa Baba. Naanza na salamu, kisha nasema: siku ile nilikosea, mlitakiwa kupanda, msinifuate mimi wala mtu yeyote anayeshuka. Wananionea huruma. Wengine wananipa kiti.

Fundi alinisikiliza huku akitia uzi kwenye sindano.

"Sasa tukuamini wa juzi au wa leo?"

"Wa leo, Fundi."

"Na wa kesho?"

Nikaitazama sindano yake. Akaona haya kwa niaba yangu, akaniuliza kizibao kile nani alinishonea, mbona kimenikaa kama pazia. Akanivua, akakikunja mabegani, akakipunguza palepale bila kunitoza chochote.

Alhamisi, 24 Aprili

Zoezi la mji mzima limepangwa tarehe kumi mwezi ujao. Nimekwenda kumwandaa Baba. Nilikuta amevaa viatu vya mvua, nikafurahi kabla ya wakati.

"Sipandi," akasema.

"Baba, tulishaelewana."

"Siku ya zoezi wewe utakuwa wapi?"

Nikamweleza. Mkurugenzi amenipanga gatini, na saa, nirekodi muda.

"Na likija la kweli?"

Akaangalia mikono yake.

"Siku ile nilikudanganya kidogo," akasema. "Ile habari ya mwenye elimu, niliisema ili usijisikie vibaya. Ulipopita mbio pale mlangoni, sikuwaza elimu. Nilimwona mwanangu anakwenda baharini. Unadhani mimi nitakaa kule juu chini ya tangi, nimekunja mikono, naangalia?"

"Ni kazi yangu, Baba."

"Na hii ni yangu. Ukishuka, nitashuka. Fanya hesabu zako vizuri."

Alisema bila hasira, na bila mzaha, na hilo la kukosa mzaha ndilo lililonitisha. Miaka yote namwona kama mtu asiyeelewa. Ameelewa kila kitu tangu siku ya kwanza, ila kwenye hesabu yake kuna mtu mmoja zaidi kuliko kwenye yangu. Hesabu ya Subiri ilimhusu mzee anayepanda. Haikumhusu mzee anayenifuata.

Jumatano, 30 Aprili

Ngazi za kilimani zimetengenezwa nusu. Nusu ya chini.

Jumanne, 6 Mei

Sekondari. Wasichana wawili walilala mbele kabisa, vichwa vimeegemeana. Nikashusha sauti nisiwaamshe.

Jumamosi, 10 Mei

Zoezi. Mvua ilinyesha kwa kusudi. King'ora kililia, gari la Mkurugenzi likapita likitangaza, na watu wakatoka, si wengi, wakapanda taratibu chini ya miavuli. Fundi alipanda. Alikuwa amebeba pedali tu ya cherehani yake, akasema akiokoa kipande kimoja kimoja kila zoezi mwisho atakuwa ameihamisha yote.

Mimi nilikuwa gatini na saa. Baba alikuwa kizingitini kwake, amekaa juu ya kigoda, anatazama upande wangu. Watu walimpita, wakamwita, akawapungia mkono. Nilimwonyesha kilima kwa kidole. Naye akanionyesha kilima kwa kidole. Tulibaki hivyo mpaka king'ora kiliponyamaza, watu wazima wawili tunaoneshana kilima, tumelowa chapachapa.

Kwenye ripoti Mkurugenzi ameandika kwamba zoezi limefana. Mimi nilirudi nyumbani nikavua viatu, nikakaa sakafuni pale pale mlangoni. Sikumbuki kama nimewahi kuchoka namna hii, mpaka kwenye meno.

Alhamisi, 15 Mei

Kesho ni siku ya mwisho ya elimu kwa umma. Nitampelekea Baba dawa zake za magoti, kisha narudi kwenye grafu. Wakati wa masika haya nimejifunza kwamba sina mdomo mzuri.

Ijumaa, 16 Mei

Naandika nikiwa Kilima cha Tangi. Mvua ni ya rasharasha na karatasi inalowana, lakini nisipoandika sijui nitafanya nini.

Nilifika kwa Baba asubuhi. Shikamoo, marahaba, chai iko wapi, magoti yanasemaje. Nilikuwa naweka dawa kabatini vyombo vilipoanza kugongana. Likaja kutoka chini, zito kuliko lile la Aprili, sikuweza kusimama. Nikamshika Baba, tukaingia chini ya meza. Lilitikisa, likatikisa. Nilihesabu kama tunavyofundisha, nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Kipande cha dari kilianguka kwenye jiko.

Lilipotulia tulitoka nje, mlango tukauacha wazi. Mtaa mzima ulikuwa umetoka. Umeme umekatika. Na nikahisi wote wamesimama kidogo, wananitazama, maana nilikuwa nimevaa kizibao.

Simu ikalia mfukoni.

Nitasema ukweli hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Miguu yangu iligeuka kuelekea gatini yenyewe. Si ujasiri, ni mazoea. Na Baba, bila kusema neno, akaigeuza fimbo yake upande ule ule.

Hicho ndicho nilichokiona. Fimbo ikigeuka.

"Tunapanda," nikasema. Nikapaza sauti, wote wasikie. "Ninapanda. Nifuateni."

Tukapanda. Ngazi za chini zilikuwa nzuri, za juu zilikuwa tope tupu. Baba alitaka kupumzika kwenye lile jiwe, nikamkatalia. Akataka tena, nikamkatalia tena, nikamwekea mkono mmoja mgongoni na kumsukuma, na safari hii hakunipiga. Pumzi yake ilikuwa inakwaruza. Fundi alikuja nyuma yetu, akamshika upande wa pili. Hakuwa amebeba kitu.

Simu iliendelea kulia, nikaipokea huku natembea.

"Kifaa kimekufa," Mkurugenzi akasema. "Ubao unasemaje?"

"Sijui."

"Hujui vipi? Uko wapi?"

"Napanda na Baba."

Nilisikia nyuma yake watu wanapiga kelele, viti vinaburutwa, sauti ya Subiri ikisema "sasa, sasa, sasa". Nikamwambia Mkurugenzi na wao watoke, ofisi yetu iko chini kama nyumba ya Baba. Mtandao ukakatika, sijui kama alinisikia.

Tuko hapa juu sasa, mtaa mzima, tumekaa kuzunguka tangi. Mtoto mmoja analia. Bahari haionekani kutoka upande huu, mvua imeifunika, na kwa mara ya kwanza tangu nisomee kazi hii sijui inafanya nini. Mtu ameniuliza, "Bi Tetemeko, imepita?" Nikasema sijui. Akauliza, "Basi nani anakwenda kuangalia?"

Hakuna aliyeinuka. Nimewahesabu wote kwa macho, mmoja mmoja. Hakuna hata aliyesogea.

Baba ameegemea bega langu, pumzi imeanza kumrudia. Tangu tulipokaa amenishika mkono wa kushoto, ameung'ang'ania kama alivyokuwa akinishika sokoni nilipokuwa mtoto, nisipotee. Naandika kwa wa kulia. Simu inaita tena. Sina mkono wa kuipokea.